Kibuyu Dirishani: Fizikia ya Picha ya Mama Mjamzito

Nyumbani kwetu Machakos kuna kibuyu cha kale cha rangi ya kahawia iliyoiva, ambacho mama yangu alihifadhia maziwa ya mgando. Kimeshikwa na mikono mingi kwa miaka mingi hata kikateleza kama kilichopakwa mafuta. Jumamosi moja nilikiweka mezani karibu na dirisha la sebule, huku binti wa kaka yangu ameketi kwenye kochi akinisubiri. Alikuwa katika wiki ya 33 ya ujauzito wake wa kwanza.

“Shangazi, kwani leo tunapiga picha ya kibuyu?”

Nilimwomba anivumilie. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa amelipia picha katika studio moja, akakodi gauni refu la rangi ya zambarau, akarudi na picha ambazo hakutaka mtu yeyote azione. Paji la uso lilikuwa na doa jeupe, shingo imemezwa na weusi, na tumbo, lile tumbo alilolipapasa kwa fahari kutwa nzima, lilionekana bapa kama ukuta. “Mimba imeniharibu sura, Shangazi,” aliniambia, na neno hilo liliniuma. Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na picha nimezipiga karibu miaka hiyo hiyo. Nilipozitazama zile picha niliona kwamba sura yake haikuwa na kasoro yoyote. Aliangaziwa na taa ndogo kali iliyokaa juu ya kamera, basi. Nilitaka aelewe jambo hilo mwenyewe, kwa macho yake, kabla sijainua kamera. Ndiyo maana tulianza na kibuyu.

Tuanze mbali kidogo. Wanahisabati wa Kiyunani kama Euclid walidhani jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu, kama mtu anayepapasa gizani. Yapata miaka 1000 iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi zake Misri, alieleza kwa kirefu katika Kitab al-Manadhir kwamba safari ni ya upande wa pili: mwanga hukipiga kitu, kitu kikaurudisha, nao ukaingia jichoni. Hakuna mtu aliyewahi kuona tumbo la mama mjamzito. Tunachokiona ni mwanga uliolitembelea tumbo hilo na kurudi na habari zake. Habari zikifika pungufu, lawama ni ya mjumbe.

Mwanga huleta habari gani basi? Usiku ukiwa chumbani, zima taa, washa tochi ya simu na uielekeze ukutani moja kwa moja. Utaona duara. Sasa iinamishe tochi ili mwanga uupige ukuta kwa mshazari. Duara linarefuka likawa na umbo la yai, na papo hapo linafifia. Tochi haijapunguza nguvu, ila mwanga ule ule umetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kama unga wa kikombe kimoja ulionyunyizwa kwenye ungo mpana. Ukiuinamisha mwanga nyuzi 60 kutoka pale ulipoupiga ukuta moja kwa moja, eneo huwa mara 2 ya lile la kwanza, na kila sehemu hupata nusu ya mwanga wake wa awali. Kanuni hii aliiandika Johann Heinrich Lambert mwaka 1760, na hadi leo haijahitaji kurekebishwa.

Rudi kwenye kibuyu. Ngozi yake haina sehemu mbili zinazotazama upande mmoja. Kila unapoisogeza ncha ya kidole, uso umegeuka kidogo. Kwa hiyo dirisha likiwa ubavuni, sehemu inayolitazama hung'aa, inayofuata hung'aa pungufu, inayofuata pungufu zaidi, mpaka unafika upande wa gizani. Akili yetu, bila kutuuliza, husoma mteremko huo wa mwanga na kutuambia kwamba kitu hiki ni cha mviringo. Picha haina kina. Ni karatasi, ni kioo cha simu. Sehemu kubwa ya kina tunachokiona humo imetokana na mteremko huo. Ukiufuta, mviringo nao umekwenda.

Nilimwambia mpwa wangu akumbuke mwezi. Mwezi ni tufe, lenye milima na mashimo. Ukiwa nusu, hata darubini ndogo ya mkononi hukuonyesha mashimo yamejipanga kwenye ule mstari ambapo mchana wa mwezi unakutana na usiku wake, kila shimo na kivuli chake. Usiku wa mwezi mpevu mashimo hayo hayo hupotea, na tufe linakuwa sahani. Mwezi haujabadilika. Jua limekuja nyuma ya migongo yetu, linauangaza uso ule ule tunaoutazama sisi, kwa hiyo vivuli vyote vimejificha nyuma ya vitu vinavyovitupa. Vumbi la mwezi nalo lina tabia ya kurudisha mwanga kule kule ulikotoka, jambo linaloongeza ubapa huo.

Flashi iliyokaa juu ya kamera inamfanya mama kuwa mwezi mpevu. Taa ya pete, ile inayopendwa sana siku hizi na wapambaji na wauza nguo mitandaoni, inafanya jambo hilo hilo kwa upole zaidi, kwa sababu kamera hukaa katikati yake. Kwa uso peke yake inaweza kufaa, maana inafunika chunusi na mikunjo. Kwa tumbo siipendekezi hata kidogo. Mtu anapiga picha ya tumbo ili mviringo wake uonekane, kisha anachagua taa ambayo kazi yake ni kuufuta.

Tukaizunguka meza polepole, yeye mkono mmoja kiunoni. Kamera na dirisha vikiwa upande mmoja, kibuyu ni sahani. Ukisogea hadi dirisha likawa nyuzi 45 pembeni yako, kivuli kinaanza kuingia kwenye ukingo mmoja. Ukifika nyuzi 90, kibuyu ni nusu mwezi, na umbo limejaa. Ukiendelea hadi dirisha likawa nyuma ya kibuyu, unabaki na uzi mwembamba wa mwanga ukingoni, na kwingine kote ni giza. Uzi huo unachora umbo la tumbo vizuri mno, lakini unauficha uso wa mwenye tumbo, na mimi napenda kumwona mama mwenyewe. Chaguo langu ni kati ya nyuzi 60 na 90, mama akisimama kiubavu kwa kamera, tumbo na uso vikielekea dirishani. Ukingo wa tumbo unakuwa ndio wenye mwanga, na kivuli kinateremka taratibu kuelekea mgongoni.

Hapo ndipo wapiga picha wengi wanaposhangaa. Wameweka taa pembeni kama walivyofundishwa, na bado picha imekuwa kali: nusu ya tumbo nyeupe, nusu nyeusi, na kati yake mstari kama uliokatwa kwa kisu. Mwelekeo walioupata ni sahihi. Walichokisahau ni ukubwa wa taa.

Dirisha letu lina vyuma, kama madirisha mengi ya Machakos. Linatazama mashariki. Asubuhi jua linapoingia moja kwa moja, vivuli vya vyuma huchoreka sakafuni, unaweza kuvihesabu. Alasiri jua likiwa limehamia upande wa pili wa nyumba, dirisha hupokea mwanga wa anga tu, na vivuli vya vyuma havionekani kabisa. Vyuma havijaondoka. Mchana ule nilimpa mpwa wangu kalamu aishike mbele ya ukuta ulioelekea dirisha, akaona kalamu haina kivuli cha maana mpaka iukaribie ukuta sana.

Sababu ni hii. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi, lakini liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu, hivyo kwa macho yetu linachukua nusu tu ya nyuzi moja angani. Ukinyoosha mkono, kucha ya kidole kidogo inalifunika. Chanzo kidogo namna hiyo kinatupa kivuli chenye ukingo mwembamba: shika mkono wako mita 1 kutoka ukutani juani, na ukingo wa kivuli utafifia kwa upana wa milimita 9 tu. Dirisha la upana wa mita 1.2, ukisimama mita 1 mbele yake, linachukua nyuzi zipatazo 60. Kila sehemu ya dirisha ni taa ndogo inayotupa kivuli chake, na vivuli hivyo havilingani. Pale kimoja kilipo giza, kingine kinaangaza. Mwanga unalikumbatia tumbo kuvuka ukingo wake, na ule mpaka wa mchana na usiku unatanda juu ya ngozi badala ya kuikata.

Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chanzo kama unavyoonekana kutoka pale alipo mama. Ndiyo maana ushauri wa kumsogeza mama mbali na dirisha ili “mwanga upoe” unaleta kinyume chake. Akirudi nyuma hadi mita 4, dirisha lile lile linapungua likawa nyuzi 17, na vivuli vinakaza. Msogeze karibu. Na kama jua linaingia moja kwa moja, teremsha pazia la neti au tundika shuka jeupe. Jua likilipiga pazia, pazia lote hung'aa, na kuanzia hapo taa yako si jua la nusu nyuzi, ni pazia la mita 2. Pazia lililokaa kivulini halisaidii kitu, linapunguza mwanga tu. Studio zinazouza huduma kwa bei kubwa zinafanya jambo hili hili kwa maboksi ya kitambaa na miavuli myeupe mbele ya flashi. Kitambaa ni kitambaa.

Mwezi Julai Machakos hatuhitaji hata pazia. Mawingu yale mazito ya msimu wa baridi yanafunika anga kutwa, watu wanalalamikia nguo zisizokauka, na mimi nafurahi, maana anga lote limegeuka taa moja kubwa. Ila taa hiyo inatoka juu zaidi kuliko pembeni, na macho ya mtu huingia kivulini chini ya nyusi. Mwombe mama ainue kidevu kidogo, au msogeze ukingoni mwa baraza ili mabati yazuie mwanga wa juu na ubaki ule wa mbele.

Sasa nataka tukae kwenye ngozi, kwa sababu hapa ndipo mpwa wangu alipoumizwa hasa, na ndipo vitabu vingi vya picha vinapotupita pembeni.

Mwanga ukifika kwenye ngozi hugawanyika. Sehemu ndogo, karibu asilimia 4 ukiipiga moja kwa moja, huruka juu ya uso wa ngozi bila kuingia, kama juu ya maji. Sehemu hiyo haibebi rangi ya ngozi. Inabeba rangi na umbo la chanzo chake: taa ndogo inaonekana kama nukta, dirisha kama dirisha. Mwanga uliobaki huingia ndani, hugongana huku na huko, hukutana na melanini na damu, kisha kiasi chake hutoka tena kikiwa na rangi ya mtu. Ngozi yenye melanini nyingi humeza zaidi, kwa hiyo mwanga unaotoka ndani ni mchache kuliko kwenye ngozi nyeupe. Lakini ile asilimia 4 ya juu ni ile ile kwa watu wote. Fikiria maana yake: kwenye ngozi yetu, mng'ao wa juu una uzito mkubwa zaidi katika picha. Umbo la ngozi nyeusi huelezwa na mng'ao kama linavyoelezwa na kivuli.

Kibuyu kilituonyesha wazi. Niliwasha tochi ya simu karibu na kamera, na doa jeupe likazuka kwenye shavu la kibuyu, kali, dogo, na kuzunguka doa hilo rangi ya kahawia ikazama. Ndiyo ile picha ya studio. Nikaizima, nikakisogeza kibuyu dirishani, na mng'ao ukatanda kama kipande kirefu cha hariri, ukifuata mviringo kutoka shingo hadi tumboni. Mwanga wa juu ulikuwa umegawanywa juu ya eneo pana, na chini yake rangi ya kahawia ilikuwa hai. Wachongaji wa Wamunyu, hapa hapa katika kaunti yetu, wanaijua siri hii kwa mikono. Baada ya kulichonga gogo la muhugu au mpingo wanalisugua na kulipaka nta au rangi ya viatu, na ndipo bega la twiga linapoonekana kuwa bega. Ufundi huo unahusishwa na Mutisya Munge, aliyerudi Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa ameuona uchongaji wa watu wa Tanganyika.

Basi picha ya mama mweusi ikitoka na giza, dawa ya kwanza si kuongeza nguvu ya taa. Taa ndogo ikiongezewa nguvu inakoleza doa. Ongeza ukubwa. Na mafuta kidogo mwilini hayadhuru kitu mbele ya chanzo kipana. Mbele ya flashi tupu, ni heri ngozi ikaushwe kwa kitambaa.

Kamera nayo ina lake. Haijui inatazama nini. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, ni kijivu cha wastani, kile ambacho wapiga picha hukihesabu kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Mweke mama mweusi mbele ya ukuta mweupe, amevaa gauni jeupe, na kamera itasema “mwanga umezidi,” ipunguze, na uso utakuwa mkaa. Jaza fremu yote kwa ngozi yake peke yake, na kamera itafanya kinyume, impaushe. Kwenye simu, gusa skrini pale usoni kisha utelezeshe kidole juu au chini mpaka rangi unayoiona iwe yake. Usiiamini mashine katika jambo hili. Historia yake inatupa sababu: kwa miongo mingi kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha filamu za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi ikimkaa vizuri yeye, kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika.

Mpwa wangu aliniuliza swali alilokuwa amelishikilia muda mrefu. Tumboni ana michirizi, na ule mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni. Je, mwanga huu wa pembeni hautaianika yote?

Nilimjibu kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti. Mstari mweusi, pamoja na mabaka ya kahawia yanayowatokea wengine mashavuni, ni rangi. Homoni za ujauzito zimeichochea ngozi itengeneze melanini zaidi, na kwa wengi hufifia baada ya kujifungua. Rangi haina mwinuko, kwa hiyo haina kivuli, na mwelekeo wa taa haubadilishi mengi. Michirizi ni mabonde madogo. Mwanga unaoiparaza ngozi huyaonyesha, kama jua la asubuhi linavyoonyesha kila jembe lilipopita shambani, na mwanga wa mbele huyajaza. Anayetaka mviringo bila michirizi anaweza kusogea hadi nyuzi 45, karibu sana na dirisha, na upande wa kivuli akaweka kitu cheupe cha kurudisha mwanga: karatasi ya manila, shuka, hata mlango uliopakwa rangi nyeupe. Kikiwa karibu, kivuli kinanyanyuka. Kikisogea nyuma, kinazama. Hilo la kufunika au kuonyesha ni la mama kuamua. Yeye aliuliza, akafikiri, akasema michirizi ibaki.

Kuna jambo moja la mwili ambalo mpiga picha hana ruhusa ya kulisahau. Kuanzia nusu ya pili ya ujauzito, mama akilala chali kwa muda, uzito wa mfuko wa uzazi unaweza kuulemea mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, akaona kizunguzungu. Kama unataka picha ya kulala, alale ubavu, upande wa kushoto, na mto mgongoni. Na mama akifika uso na mikono imevimba ghafla, anaumwa na kichwa au anaona ukungu, weka kamera chini na umpeleke hospitali, maana hizo zinaweza kuwa dalili za shinikizo la damu la ujauzito.

Alitamani picha za nje pia, kule kwenye bustani ya People's Park. Hapo ilibidi tuzungumze kuhusu jua la kwetu. Machakos iko nyuzi 1.5 kusini ya ikweta, na hapa jua huwa la utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na siku chache kabla Septemba haijaisha. Hata siku nyingine haliinami sana. Kwa kuwa saa ya Kenya imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki nasi tuko nyuzi 37, adhuhuri ya kweli hutufikia yapata saa sita na nusu. Mama akisimama uwanjani wakati huo, macho yanageuka mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni, sehemu ya juu ya tumbo inaungua kwa weupe na ya chini inapotea. Udongo wetu mwekundu nao unarusha mwanga kutoka chini na kuipaka rangi yake shingo na upande wa chini wa tumbo. Majani yanapaka kijani. Nyekundu hiyo mimi naipenda kwa kiasi, kijani hainifurahishi.

Jioni ni afadhali, ila ni fupi. Karibu na ikweta jua linazama wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kutoka nyuzi 10 juu ya upeo hadi kutua ni dakika 40 tu. London mwezi Juni, safari hiyo hiyo huchukua zaidi ya saa moja kwa sababu jua linateleza kwa mshazari. Vitabu vilivyoandikwa huko huzungumza juu ya “saa ya dhahabu”. Sisi tuna dakika hizo 40, na vilima vinaweza kuzikata kabla ya wakati. Dhahabu yenyewe inatokana na safari ndefu ya mwanga hewani: samawati hutawanywa zaidi ya mara 4 kuliko nyekundu, na kinachotufikia ni mabaki yenye joto la rangi, yanayoipendeza sana ngozi ya kahawia. Fika mapema, mwache mama aketi apumzike, na uwe tayari.

Na mandhari ya nyuma? Hapo nilimkumbusha Kituluni, mahali ambapo kila mgeni wa Machakos hupelekwa kuona maji yakipanda mlima. Tangu utotoni tunasimuliwa visa vya pale. Maelezo ya kisayansi ya barabara za aina hiyo ni kwamba miteremko ya pembeni inauficha upeo wa kweli, na jicho, likikosa pa kupimia, linaita mteremko mlima. Jicho halipimi kitu peke yake, linalinganisha. Vivyo hivyo na mwanga. Upande wa tumbo wenye mwanga ukiwekwa mbele ya ukuta wa giza, unaonekana kung'aa kuliko ulivyo. Upande wa kivuli ukiwekwa mbele ya kitu cheupe, ukingo wake unachoreka. Ukiweka kivuli juu ya giza, mgongo wa mama unayeyuka ukutani, ndivyo shingo ya mpwa wangu ilivyopotea kule studio.

Ilipofika saa kumi na nusu nilikitoa kibuyu mezani. Nilizima balbu ya sebule, kwa sababu taa nyingi za bei nafuu zina upungufu wa nyekundu na huiacha ngozi na rangi ya majivu, na hata iliyo nzuri ikichanganyika na mwanga wa dirisha huacha shavu moja la manjano na jingine la samawati. Nilitundika leso nyeusi ukutani nyuma ya tumbo, nikaacha ukuta mweupe nyuma ya mgongo wake. Akasimama kiubavu, mita 1 kutoka dirishani, blauzi imekunjwa juu, mkono mmoja chini ya tumbo. Nilirudi nyuma mita 2 na zaidi, maana simu ikikaribia mno hukuza kilicho karibu na kupotosha umbo, halafu nikavuta picha kwa lenzi.

Picha chache za kwanza alikuwa amekaza mabega. Nikamwonyesha moja. Aliishika simu kwa mikono miwili akanyamaza, akapitisha kidole juu ya ule mng'ao mrefu ulioshuka kutoka kifuani hadi chini ya kitovu. Hakusema lolote kuhusu sura yake. Aliniambia tu, “Tuendelee, Shangazi.”

Nikamgeuza kidogo zaidi, mpaka mwanga ukawa unaiparaza ngozi tu, mwembamba, kama kwenye ule mstari wa nusu mwezi. Nilikuwa natazama skrini nilipoona, kushoto kwa kitovu, kivuli kidogo kisichozidi upana wa kidole gumba kikizuka mahali palipokuwa laini. Kikasimama. Kikateleza kuelekea ubavuni, kikapotea.

“Amepiga teke,” alisema. “Umeliona?”

Nilikuwa nimelipata pichani.